Baraza la Maua: Gadenia ya sebuleni na maji yanayoiponza

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba gadenia iliyo pembeni ya cherehani yangu hapa Ujiji imetoa maua kumi na moja. Mstari mmoja, barua zikajaa kapu la vitambaa. Wengine hata jina hamlijui, mmeandika "lile ua jeupe la kunukia, majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta". Ndilo hilo. Kwao ni China ya kusini na Japani, na huko ni kichaka cha nje, hakuna anayekibembeleza. Jina watu hudhani limetokana na neno la Kizungu la bustani, kumbe ni la mtu: Alexander Garden, daktari Mskoti aliyeishi Charleston, Marekani, karne ya 18. Haya, tuzifungue barua.

*Shikamoo mama. Nina gadenia kwenye ndoo, iko sebuleni, hapa Mwanga, Kigoma. Nilipoinunua kwa muuza miche ilikuwa kijani kabisa. Leo ni mwezi wa tano, majani mapya yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nimeweka samadi, nimeweka jivu, jirani akaniambia nizike misumari yenye kutu, nikazika. Maji naipa kila siku, sijawahi kuisahau. Nimekosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Mwanga)*

Marahaba mwanangu. Ungekuwa mvivu kidogo, mmea wako ungekuwa na nafuu. Kinachoiumiza ni hayo hayo maji unayoipa kila siku.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi yalinikuta. Gadenia yangu niliilea Tabora miaka sita, nikiimwagilia maji ya bwawa la Igombe, na sikuwahi kuona jani la njano la namna hiyo. Nikahamia Ujiji nikaja nayo. Chungu kile kile, udongo ule ule, mkono ule ule. Miezi minne haikufika, majani ya juu yakawa kama karatasi ya daftari la zamani, na mishipa ya kijani imejichora juu yake kama ramani. Nikaongeza samadi, ikazidi. Nikaongeza jivu, maana marehemu mama yangu alitia jivu kila kitu, ikazidi mara mbili.

Kwanza elewa jani linavyosema. Ukiona majani ya chini, yale makongwe, yanakuwa manjano na kuanguka, hiyo ni habari nyingine: maji mengi, au maji machache, au uzee tu. Lakini majani machanga ya kileleni yakitoka ya njano na mishipa ya kijani, mmea unalia njaa ya chuma. Chuma kikishaingia kwenye jani la zamani hakihami kwenda kwenye jipya, ndiyo maana watoto ndio wanaougua kwanza.

Sasa utaniuliza, si nimezika misumari? Umezika, na ukifukua leo utaikuta. Mimi yangu niliifukua baada ya mwaka, misumari sita, nikaihesabu, nikampelekea aliyenishauri. Shida si kwamba udongo hauna chuma. Chuma kimo, ila udongo ukiwa na magadi chuma hujifunga, mizizi haiwezi kukinywa. Ni unga uliojaa ghalani na kufuli limepotea. Gadenia inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5 na 6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka uchachu unazidi, ikipanda magadi yanazidi). Na pH ya maji ya juu ya Ziwa Tanganyika ni karibu 9. Saba ndiyo katikati, na kila namba moja unayopanda ni mara kumi. Kwa hiyo hapo hatuzungumzii tofauti ya kuonja na ulimi.

Ziwa letu halina kosa. Mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, kule upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kupandishwa na jua. Jua linachukua maji, chumvi na magadi vinabaki. Miaka na miaka. Dagaa na migebuka wameyazoea. Gadenia haijayazoea, na maji ya bomba ya mjini hapa yanavutwa ziwani humo humo.

Kama huniamini fanya kama nilivyofanya. Chemsha rozela kidogo, ile wengine mnaita choya, uache ipoe. Chukua bilauri mbili za kioo, moja maji ya mvua, moja ya bomba. Tia kijiko kimoja cha rozela kila bilauri. Ya mvua ilibaki nyekundu ya waridi, nzuri ya kunywa. Ya bomba ilipiga zambarau, halafu pale pale mbele ya macho yangu ikachujuka, ikawa kama maji niliyosuuzia kitambaa cha bluu. Wajukuu walikataa kuinywa. Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu maji, namwonyesha bilauri.

Dawa ni mvua. Kigoma tuna mvua tangu Oktoba au Novemba mpaka kuingia Mei, bati linamwaga maji usiku kucha nasi tunayaacha yaende zake mtaroni. Weka pipa. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, ya pili kinga. Chungu cha lita kumi hunywa kama lita moja kila siku ya tatu. Kiangazi cha miezi mitano ni siku mia moja na hamsini, kwa hiyo ni lita hamsini hivi. Pipa moja la lita 200 linalea gadenia tatu na chenji inabaki. Lifunike vizuri, mbu wasipate pa kuzalia. Na lisiwe tanki jipya la saruji, maana saruji mpya inatoa chokaa, utakuwa umerudi ulikotoka.

Pipa likikauka kabla ya Oktoba, nunua ndimu ya unga, ile ya kutengenezea achari. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kwenye ndoo ya lita 20, koroga, mwagilia. Kuna wanaokamulia ndimu moja kwenye ndoo nzima. Hiyo ni kulitania ziwa.

Jivu acha kabisa, jivu ni magadi kwa jina lingine. Maganda ya mayai acha. Badilisha udongo wote: mafungu mawili ya udongo mweusi wa chini ya miti, ule wenye majani yaliyooza, fungu moja la mboji iliyokwisha kuiva, fungu moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usichukue, una vipande vya makombe na konokono, na hivyo vyote ni chokaa. Ndoo yako itoboe kitako, matundu sita au manane ya unene wa penseli. Hukuniambia kama ina matundu, na kwa mtu anayemwagilia kila siku hilo linanitia wasiwasi. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili; kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na udongo umeng'ang'ania, kaendelee na shughuli zako.

Udongo ukishatulia, mara moja kwa mwezi tia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, udongo ukiwa umekwisha lowa. SA inachachusha udongo kidogo kidogo. Ukipata busta ya majani yenye chuma, nyunyiza jioni. Majani yaliyokwisha kuwa njano usiyakodolee macho, mengine hayarudi. Tazama yatakayochipua wiki ya tano, ya sita.

*Mama mshonaji, shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume wa Isevya, Tabora, naomba nisichekwe. Gadenia yangu ilifunga vitumba kumi na vinne mwezi wa nane. Nikaihamishia juu ya friji, chini ya feni, wageni waione. Vikaanza kudondoka kimoja kimoja, vimekuwa vyeusi kitako. Kimebaki kimoja. Nifanyeje kisianguke? (Kijana wa Isevya)*

Marahaba. Nani akucheke? Aliyenipa kipande cha kwanza cha gadenia alikuwa fundi baiskeli wa Ng'ambo, kiganja chake kama ubao.

Kosa ni kuihamisha. Siku niliyohama Tabora nilikuwa na vitumba tisa, nono, vimeanza kuonyesha weupe kwenye ncha. Sikuthubutu kuikabidhi kwa wapagazi wa stesheni. Niliipakata kwenye behewa, nimeifunga khanga chungu na shina. Njia ni zaidi ya kilomita 400, usiku baridi, mchana joto, dirisha wazi, vumbi, watu wanapita na magunia. Kaliua kikadondoka cha kwanza. Nguruka viwili. Tulipofika Uvinza, watu wanashuka kununua chumvi, mimi naokota vitumba mapajani. Kigoma niliteremka na majani matupu. Abiria mwenzangu aliniambia, mama, ungebeba kuku.

Gadenia yenye vitumba haitaki kuguswa mahali pake. Mwanga ukibadilika inavidondosha, hewa ikikauka inavidondosha, udongo ukikauka siku moja na siku ya pili ukaujaza maji, inavidondosha. Wewe umeipa vyote: juu ya friji pana joto na giza, na feni inaukausha mmea kuliko jua. Ongeza na Tabora yenyewe mwezi wa tisa, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka.

Hicho kimoja kilichobaki, irudishe ilipokuwa, uiache hapo. Chini ya chungu weka sinia pana, ulijaze kokoto, tia maji yasifike juu ya kokoto. Chungu kikae juu ya kokoto, kisikanyage maji. Maji yanapokauka taratibu yanalainisha hewa pale pale kwenye majani. Kunyunyiza kwa chupa ya dawa ya nywele, kama mnavyopenda, kunafaa dakika kumi tu.

Kuhusu mwanga nina kipimo changu cha ushonaji. Saa nne asubuhi kaa pale unapotaka kuweka chungu, ushike sindano nyembamba, utie uzi bila kuwasha taa. Ukihangaika, gadenia hapo itaishi lakini ua hutaliona. Dirisha la mashariki ndilo bora, jua la asubuhi linaingia, la mchana halifiki. Na mkumbuke wavu wa mbu na pazia la lesi vinakula mwanga kuliko mnavyodhani. Mimi pazia la dirisha lile nililishona mwenyewe, nikalitoa mwenyewe.

Jambo la kukufurahisha ni kwamba wewe uko pazuri kuliko mimi. Ili ifunge vitumba inapenda usiku wa nyuzi 15 hadi 18 hivi. Usiku ukipita 21, inaota majani tu. Tabora mko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai mnalala na blanketi. Sisi ziwani tuko kama mita 770 na joto letu halilali mapema. Kwa hiyo Juni mwakani itoe barazani, ilale nje mpaka uone vitumba vya ukubwa wa punje ya mbaazi, ndipo uchague dirisha moja na uiweke humo mpaka maua yaishe.

Na maua yakifunguka, waambie wageni wasiguse. Petali ya gadenia ukiibana kwa kidole, baada ya saa chache utaona alama ya kidole imekuwa kahawia, unaweza hata kumjua aliyegusa kwa ukubwa wa dole gumba. Lisipoguswa, ua litakaa jeupe siku mbili tatu, kisha litageuka rangi ya krimu, kisha njano. Hiyo njano si ugonjwa.

*Mama, huku Manyovu tunalima kahawa. Mdogo wangu katuletea gadenia, babu akaitazama akasema "hii ni kahawa ya mjini". Tumecheka. Ana ukweli? (Binti wa Manyovu)*

Babu ana jicho, mpe heshima yake. Gadenia na kahawa ni ukoo mmoja. Tazama majani yanavyokaa mawili mawili yakitazamana, na ua la mbuni lilivyo jeupe na lenye harufu. Udongo wenu mwekundu wa shambani, penye majani ya kahawa yaliyooza, unaifaa sana. Machicha ya kahawa iliyokwisha kunywewa gao moja si mabaya, ila msitegemee yaponye umanjano, uchachu mwingi umekwisha kuingia kikombeni.

*Mume wangu anasema nilitoe, ua la harufu likiwa ndani linaita nyoka, na usiku linaita wasioonekana. (Mke wa Kasingirima)*

Nyoka anafuata panya na vyura. Ondoa magunia nyuma ya mlango. Hao wengine, bibi zetu wa Ujiji walivaa vikuba na kutandaza yasmini kitandani miaka yote, na bado walipata wajukuu. Mwambie nimesema hivyo. Kama harufu inamwumiza kichwa, hilo ni jambo la kweli, maana gadenia mbili kwenye chumba kidogo usiku zinalemea. Iweke sebuleni.

*Habari za kazi mama. Niko Urambo. Gadenia yetu imeota wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, na majani yana masizi meusi yanayonata. Sisi ni wakulima wa tumbaku, nataka kuloweka majani ya tumbaku niipulizie. Pia nina mbolea ya shambani imebaki. Inafaa? (Baba wa Urambo)*

Nzuri, baba. Tumbaku utawaua wadudu, ni kweli, lakini maji yake ni sumu, yanapenya hata kwenye ngozi. Wewe unayevuna majani mabichi yenye umande unayajua yale mapigo ya kichwa na kichefuchefu. Hiyo si dawa ya kupulizia karibu na meza ya chakula.

Chukua pamba, ichovye kwenye spiriti, gusa kila kidude cheupe kimoja kimoja, hasa chini ya majani na pale jani linapoungana na kijiti. Siku ya pili osha mmea mzima kwa lita moja ya maji na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, baada ya nusu saa suuza kwa maji matupu. Rudia kila wiki, mara nne, hata kama huwaoni. Masizi ni ukungu unaoota juu ya asali wanayoinya wale wadudu, yatafutika. Halafu fuata msafara wa sisimizi. Wao ndio wachungaji: wanalamba ile asali na kuwalinda wadudu kama ng'ombe wa maziwa. Usipokata njia yao, mifugo itarudi.

Mbolea ya shambani: ile CAN ina chokaa ndani, isikaribie gadenia. NPK ya tumbaku, 10-18-24, haina nitrojeni nyingi na ina chumvi kali kwa chungu kidogo. Iuze kwa jirani, nunua SA robo kilo.

*Nataka mche kutoka kwa mama mkwe wangu lakini ana mmoja tu. Nitaukataje usife? (Ng'ambo, Tabora)*

Omba kwanza, mwanangu, usije ukakata ua na undugu. Maua yakiisha ndipo wakati wa kupogoa, kwa hiyo hata yeye utamsaidia. Chagua ncha isiyo na kitumba, urefu wa kidole cha kati na nusu yake, isiwe laini kama mchicha wala ngumu kama kuni. Kata chini ya kifundo kwa wembe mpya. Ondoa majani ya chini, bakiza manne ya juu, na yakiwa mapana yakate nusu kwa mkasi yasimalize maji. Kopo lenye mchanga wa mtoni na mboji, nusu kwa nusu, uliolowa bila kuchuruzika. Chomeka. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikate kitako, ifunike juu yake, na kizibo ukifungue mchana kidogo ipumue. Kivulini penye mwanga.

Chomeka vitatu, si kimoja. Mimi katika vitatu hupata viwili. Baada ya wiki sita hivi shika kijiti kwa vidole viwili, uvute kama unavyojaribu uzi kwenye mshono. Kikija, kirudishe na usiseme na mtu. Kikikataa, kimeshika.